Usawa wa mtandao: Marekani wanagombania nini hasa na kampuni za intaneti

Ukiufuatilia huu mjadala juu juu utaona kama watu wanabishania kitu kimoja tu, upande mmoja unasema intaneti iwe huru, upande mwingine unasema serikali itoe mkono wake kwenye intaneti, na wote wawili wanakwambia wanapigania uhuru. Ndo maana mtu anachoka mapema. Kumbe humo ndani kuna mabishano matatu tofauti: kampuni ya intaneti iruhusiwe kufanya nini na data zinazopita kwake, nani ana mamlaka ya kuisimamia, na nani alipie gharama za mitambo. Ukiyachanganya utajikuta unamjibu mwenzako swali ambalo hajauliza. Na kwa maoni yangu hili la katikati, la mamlaka, ndo limekula zaidi ya miaka 20 ya Marekani, wakati lile la kwanza karibu kila mtu analikubali.

Tuanze nalo hilo la kwanza. Kila unachofanya mtandaoni, iwe video, meseji au simu ya apu, kinakatwa vipande vidogo vidogo vya data na kila kipande kina anwani ya kinakotoka na kinakokwenda. Vipande vyote hivyo vinapita kwenye waya au minara ya kampuni inayokuuzia intaneti, hakuna hata kimoja kitakachokufikia bila kupita mikononi mwake, kwahiyo kampuni ina nafasi ambayo hakuna mwingine anayo, inaweza kuona nini kinapita na ikitaka inaweza kukichelewesha au kukitupa. Usawa wa mtandao unasema tu kwamba vipande vyote vibebwe kwa namna moja bila kujali ni vya nani. Tim Wu, profesa wa sheria, ndo aliyelipa wazo hili jina lake kwenye makala ya mwaka 2003, ila wazo lenyewe ni la zamani kuliko hapo, kwa miaka mingi kampuni ya simu ya mezani haikuruhusiwa kuamua upige kwa nani na simu ya nani isikike kwa mikwaruzo. Kwa vitendo inakuja kwenye makatazo matatu: usifungie tovuti au apu iliyo halali, usiibane spidi yake, na usichukue hela kwa mwenye tovuti ili umpitishe mbele ya wenzake.

Sasa watu wanauliza, hivi kweli hayo yameshatokea au ni hofu tu? Yametokea, na kisa cha Comcast, kampuni kubwa ya intaneti ya Marekani, ni kizuri kukiangalia kwa karibu maana kinaonyesha jinsi mambo haya yalivyo magumu kuyaona kwa macho. Mwaka 2007 jamaa mmoja anaitwa Robb Topolski alikuwa anashea mtandaoni rekodi za zamani sana za muziki wa barbershop, ule wa waimbaji wanne bila vyombo, rekodi ambazo hakimiliki yake ilishaisha. Faili zikawa hazitoki. Kila kitu kingine kwenye intaneti yake kilikwenda vizuri, ni hizo faili tu. Bahati ni kwamba kupima programu ndo ilikuwa fani yake, akawasha programu ya kunasa vipande vya data akaanza kuvisoma kimoja kimoja. Alichokikuta ni kwamba kila kompyuta yake ikianza kumtumia mtu faili kwa BitTorrent, njia ya watu kurushiana faili moja kwa moja, kuna kipande kidogo kinaingia chenye amri ya kukata mawasiliano, kimeandikwa kama vile kimetumwa na kompyuta ya upande wa pili, na yule wa upande wa pili naye anapata cha aina hiyohiyo kama vile kimetoka kwa Topolski. Hakuna kati yao aliyekituma. Kilikuwa kinapenyezwa katikati na mtandao wa Comcast wenyewe. Shirika la habari la Associated Press likarudia jaribio mwezi Oktoba mwaka huohuo kwa kutumia faili la Biblia, halali kabisa, likakuta kitu hichohicho. Comcast mwanzoni ilikana, baadae ikasema ilikuwa inapunguza msongamano.

Fikiria mteja wa kawaida asiyejua kunasa vipande vya data. Angesema intaneti leo mbovu, akazima routa akaiwasha tena, basi. Hilo ndo linaloniuma kwenye hii habari, unabaniwa na huna hata njia ya kujua kama umebaniwa.

Na Comcast haikuwa peke yake. Mwaka 2005 kampuni ndogo ya simu ya North Carolina, Madison River, ilifungia simu za intaneti za Vonage kwasababu zilikuwa zinaishindania biashara yake ya simu, ikaishia kulipa dola 15,000 na kuahidi kuacha. Mwaka 2012 kampuni kubwa ya simu AT&T ikasema FaceTime, simu za video za iPhone, kwenye mtandao wa simu itafanya kazi kwa waliochukua aina fulani ya vifurushi tu, ikapigiwa kelele mpaka ikalegeza.

Hapa lazima tuwe wakweli kidogo kwasababu watetezi wa usawa wakati mwingine wanaongea kana kwamba mtandao unaweza kuendeshwa bila kuguswa. Hauwezi. Kampuni lazima izuie barua taka, lazima izuie mashambulizi ya kuzidisha maombi kwenye seva, na kuna saa za jioni ambazo kila mtu anastrimu kwa pamoja na mitambo inazidiwa. Sheria zote za usawa zilizowahi kutungwa Marekani na Ulaya zinaruhusu usimamizi wa kawaida wa mtandao, na zinaacha nafasi kwa huduma maalumu zinazohitaji njia yake, kwahiyo ukisikia mtu anasema usawa wa mtandao utaua upasuaji wa mbali wa hospitali ujue hajasoma sheria zenyewe. Swali huwa ni moja, unabana kwasababu mtandao umejaa au kwasababu hiyo apu huipendi. Na jibu la kwamba inawezekana kubana bila kubagua lilitoka kwa Comcast wenyewe, baada ya kelele za 2008 wakabadilisha mfumo, ukawa unampunguzia spidi kwa muda mtumiaji anayetumia sana wakati eneo lake limejaa, bila kuangalia anatumia apu gani. Tatizo lilelile, dawa isiyobagua mtu.

Haya, sasa njoo kwenye la pili ambalo ndo kiini cha ugomvi. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliiamuru Comcast iache mwaka 2008. Comcast ikaenda mahakamani na mwaka 2010 ikashinda. Sio kwamba mahakama ilisema walichofanya ni sawa, ilisema FCC haikuonyesha ni kifungu gani cha sheria kinachoipa uwezo wa kutoa amri ile. Kuanzia hapo mpaka leo kila kesi kubwa inarudi palepale, mamlaka iko wapi.

Sababu yake iko kwenye sheria. Marekani inasimamia mawasiliano kwa sheria ya mwaka 1934, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1996, na marekebisho hayo yaliweka makundi mawili. Kundi la kwanza ni huduma za mawasiliano, wanaobeba ujumbe wa watu kutoka hapa kwenda pale bila kuubadilisha, na hao wanaangukia Sehemu ya Pili ya sheria ambayo ina meno, huruhusiwi kubagua, bei na masharti yako yawe ya haki, tume inaweza kukubana. Kundi la pili ni huduma za habari, wanaotengeneza, kuhifadhi na kuchakata habari, na hao wanaachwa karibu huru. Mwaka 1996 watu wengi walikuwa wanapiga simu kwa laini ya mezani kuingia mtandaoni, kwahiyo mgawanyo ulikuwa rahisi, laini ni kundi la kwanza, barua pepe na tovuti ni kundi la pili. Ilipokuja intaneti ya kebo ya kasi, kampuni moja inakuuzia vyote, waya na mambo yake mengine juu yake, swali likawa uiweke wapi.

FCC ya mwaka 2002 ikaiweka kundi la pili. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, inayojulikana kama Brand X, na mwaka 2005 majaji sita dhidi ya watatu wakasema sheria haieleweki vizuri kwahiyo tume iachiwe itafsiri yenyewe. Jaji Scalia, ambaye hakuna mtu angemwita mpenda udhibiti, alipinga kwa nguvu. Akasema ni kama umpigie simu mwenye pizza umuulize mnaleta nyumbani, akujibu hapana hatuleti, ila ukiagiza tunaioka halafu tunakufikishia mlangoni. Yaani kubeba kupo ndani ya huduma hata kama umekifungasha na vitu vingine, na mimi nikisoma hoja yake naona alikuwa sahihi, mtu anayelipia intaneti nyumbani anachonunua ni kufikishwa, hizo tovuti anazitafuta mwenyewe.

Lakini uamuzi ule ulikuwa na matokeo ambayo nadhani wengi hawakuyaona. Kama tume ndo inatafsiri, na tume ina makamishna watano, na watatu kati yao kwa kawaida ni wa chama cha rais, basi tafsiri inabadilika kila ikulu ikibadilika. Na ndo ilivyokuwa. FCC ikatunga kanuni mwaka 2010 bila kubadili kundi, kampuni ya simu ya Verizon ikashtaki. Wakati wa kusikiliza kesi mwaka 2013 wakili wa Verizon aliwaambia majaji wazi kwamba kama si hizo kanuni mteja wake angekuwa anaangalia mipango ya kulipisha wenye tovuti. Naomba hiyo ikumbukwe, kwasababu mpaka leo kampuni zinasema hofu ya watu ni ya kufikirika. Januari 2014 mahakama ya rufaa ya Washington ikafuta sehemu kubwa ya kanuni, ikasema huwezi kumuweka mtu kundi la huduma za habari halafu ukamtwisha wajibu wa mbeba mawasiliano, chagua moja.

Tume ikachagua. Watu karibu milioni 4 waliandika maoni, Rais Obama naye akatoa msimamo Novemba 2014, na tarehe 26 Februari 2015 FCC chini ya Tom Wheeler ikapiga kura tatu kwa mbili kuihamishia intaneti kundi la kwanza. Mahakama ikakubali mwaka 2016. Ikaja serikali ya Trump, Ajit Pai akawa mwenyekiti, Desemba 2017 ikapigwa kura tatu kwa mbili kuirudisha kundi la pili. Mahakama ikakubali hiyo pia mwaka 2019, kwa hoja ileile kwamba tume inaruhusiwa kutafsiri. Ikaja serikali ya Biden, Jessica Rosenworcel mwenyekiti, Aprili 2024 tatu kwa mbili tena ikarudi kundi la kwanza. Halafu Juni 2024 Mahakama ya Juu, kwenye kesi nyingine kabisa ya wavuvi, inaitwa Loper Bright, ikafuta kanuni ya miaka 40 iliyokuwa inawataka majaji waheshimu tafsiri za idara za serikali pale sheria isipoeleweka. Hapo ndo pumzi ikakata. Tarehe 2 Januari 2025 mahakama ya rufaa ya kanda ya sita ikasoma sheria yenyewe kwa macho yake ikasema intaneti ni huduma ya habari, basi, na FCC haina uwezo wa kuweka kanuni za usawa kwa njia hiyo. Kwahiyo ule mchezo wa kupanda na kushuka kila baada ya uchaguzi umekwisha, aliyebaki na uwezo wa kubadili ni bunge lao, Kongresi, ambalo miaka yote hiyo limeshindwa kupitisha sheria hata ya kurasa mbili.

Mtu anaweza kuuliza, kama kampuni zenyewe zinasema hatufungii tovuti na hatutafungia, kwanini zitumie mamilioni kupinga kanuni inayowakataza kitu wanachosema hawafanyi? Swali zuri na jibu lake sio lazima liwe uovu. Ile Sehemu ya Pili ya sheria ya 1934 ni pana kuliko usawa wa mtandao. Iliandikwa kwa ajili ya kampuni ya simu iliyohodhi soko zima, ina uwezo wa kupanga bei, ina uwezo wa kukulazimisha uwape washindani wako nafasi kwenye mitambo yako. FCC ya 2015 iliahidi haitatumia vifungu hivyo, ikaviweka pembeni kwa maandishi, lakini ahadi ya tume ya leo haiifungi tume ya kesho, na mwekezaji anayefikiria kuchimba na kulaza faiba ya miaka 30 hilo analipigia hesabu. Hoja hii naiheshimu. Hoja ya kwamba uwekezaji ulianguka 2015 na ukapaa 2018, hiyo siiheshimu sana, kila upande umekuja na grafu yake na ukizikagua unaona hela za mitambo zinafuata zaidi mizunguko ya teknolojia, mara 4G, mara faiba, mara 5G, kuliko kura za tume. Wapinzani pia hupenda kutaja Machi 2020, Ulaya yenye kanuni iliwaomba Netflix na YouTube washushe ubora wa video janga lilipoanza na Marekani haikuomba. Ni kweli Ulaya iliomba, ila ilikuwa tahadhari, na wasimamizi wa Ulaya wakaja kukuta mitandao yao kwa ujumla ilistahimili.

Na kuna jambo lazima watetezi walikubali, baada ya kanuni kuondolewa 2018 intaneti ya Marekani haikufa. Zile picha zilizosambaa za kuuziwa tovuti kwa vifurushi kama chaneli za TV hazikutimia. Sababu ziko nyingi, kampuni zilijua zinaangaliwa, na California ilipitisha sheria yake mwaka 2018 yenye makatazo yaleyale na zaidi. Mahakama ya 2019 iliikubalia FCC kufuta kanuni zake lakini ikakataa kuipa uwezo wa kuyazuia majimbo yote kutunga za kwao, na hicho kifungu kidogo ndo kimebeba uzito mkubwa mpaka leo.

Kabla sijasonga mbele niseme kuhusu maoni ya wananchi ya mwaka 2017 juu ya kufuta kanuni, kwasababu mimi hili naliona ni jeraha la kidemokrasia ambalo halijazungumzwa vya kutosha. FCC ilipokea maoni zaidi ya milioni 22. Mwanasheria mkuu wa New York akachunguza, na ripoti yake ya mwaka 2021 ikasema karibu milioni 18 yalikuwa ya kughushi. Milioni 8.5 ya kupinga usawa yalitokana na kampeni iliyolipiwa na kampuni za intaneti, majina ya watu halisi yametumika bila wao kujua. Na upande wa kuunga mkono nako kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa miaka 19 aliyetengeneza peke yake milioni 7.7 kwa majina ya kubuni. Kwahiyo ukisikia mtu anasema wananchi walisema hivi au vile mwaka ule, mwambie hatujui vizuri walisema nini maana sauti zao zilizamishwa.

Kisa kingine kinachotajwa sana ni cha zimamoto wa wilaya ya Santa Clara, California. Mwaka 2018 wakati wa moto mkubwa wa Mendocino walikuwa na gari la kuratibu, limeandikwa OES 5262, ambalo kazi yake ni kufuatilia magari na watu waliotawanyika kwenye moto, na linategemea intaneti ya simu. Likiwa kazini spidi ikashushwa na Verizon mpaka kama moja ya mia mbili ya kawaida kwasababu kifurushi, ambacho wao walidhani hakina kikomo, kimepita kiwango. Wakaandika barua pepe wafunguliwe, wakajibiwa wahamie kifurushi cha bei ya juu, zaidi ya mara mbili. Verizon baadae ilisema mhudumu alikosea, maana sera yao ni kuwafungulia wazima moto wakati wa dharura, na ikasema jambo hilo halihusiani na usawa wa mtandao. Na kiufundi wana hoja, hakuna apu iliyobaguliwa pale, kifurushi kiliisha. Ila kinahusiana moja kwa moja na lile swali la pili. Ukiwa na msimamizi mwenye mamlaka unapeleka kwake lalamiko la masharti yasiyo ya haki, usipokuwa naye unabaki unabembelezana na kitengo cha huduma kwa wateja huku moto unawaka. Mahakama ya 2019 yenyewe iliirudishia FCC suala hili ikaiambia hukufikiria usalama wa watu.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo ubaguzi unakuja umevaa zawadi. Siku hizi kampuni hazifungii kitu, zinakwambia apu fulani haili MB zako. Nani atakataa? Lakini angalia AT&T ilivyokuwa, wakati inamiliki HBO Max, huduma ya filamu mtandaoni, mteja wake wa simu akiangalia HBO Max data hazihesabiwi, akiangalia Netflix zinahesabiwa. Hakuna aliyefungiwa wala kubaniwa spidi, ila mwenye data chache ataangalia wapi? Sheria ya California ilipoanza kutumika Machi 2021 AT&T ikaacha mpango huo nchi nzima kwasababu mtandao hauwezi kugawanywa kwa mipaka ya jimbo. T-Mobile nayo mwaka 2015 ilileta Binge On, video za washirika wake hazili data ila zinashushwa ubora, watafiti wa EFF, shirika la kutetea haki za watu mtandaoni, wakapima Januari 2016 wakakuta hata video za wasio washirika zinabanwa spidi na data zake zinahesabiwa vilevile.

Upimaji huo siku hizi unaweza kufanya hata wewe. Kuna apu inaitwa Wehe, ya timu ya David Choffnes wa chuo kikuu cha Northeastern. Inacheza rekodi ya mawasiliano ya video mara mbili, mara ya kwanza kama ilivyo, mara ya pili ileile lakini imechanganywa ili mtandao usiitambue ni ya nani. Spidi zikitofautiana kila unaporudia, ujue kuna kubaguliwa. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2019 yalionyesha kampuni za simu za Marekani zilikuwa zinabana video muda wote, hata saa ambazo mtandao hauna watu, kwahiyo ile sababu ya msongamano haitoshi.

India ndo waliolichukulia hili la bure kwa uzito kuliko wote. Facebook ilipeleka Free Basics, tovuti chache za kuchagua bila malipo ya data, ikatangaza kwenye magazeti kurasa nzima kwamba ni kwa ajili ya maskini. Wanaharakati wakauliza swali rahisi, nani anachagua hizo tovuti chache, na kampuni changa ya Kihindi itaingiaje humo. Tarehe 8 Februari 2016 msimamizi wao, TRAI, akapiga marufuku kutoza bei tofauti kwa data kutegemea na maudhui. Waliopinga katazo walisema maskini watakosa intaneti. Miezi saba baadae Jio, kampuni ya simu ya Kihindi, ikaingia sokoni na data za bei ya chini mno na mamilioni wakaingia mtandaoni, mtandao wote, sio kipande. Sisemi katazo ndo lililoleta Jio, nasema tu kwamba kumpa maskini intaneti nusu haikuwa njia pekee iliyokuwepo.

La tatu, la nani alipe, nitalipitia kwa haraka. Mwishoni mwa 2013 wateja wa Comcast waliona Netflix inasuasua, na tatizo halikuwa ndani ya mtandao wa Comcast wala kwenye seva za Netflix, lilikuwa pale mitandao miwili inapokutana, milango imejaa na hakuna aliyetaka kuipanua kwa hela yake. Februari 2014 Netflix ikakubali kuilipa Comcast na spidi ikapanda. Netflix ikasema imelazimishwa, Comcast ikasema huo ni utaratibu wa kawaida wa biashara, na kanuni za wakati ule hazikugusa sehemu hiyo kabisa. Kampuni kubwa za simu za Ulaya nazo zimekuwa zikidai Google, Meta na Netflix zichangie mitambo, Tume ya Ulaya ikakusanya maoni mwaka 2023. Mimi nawaambia waangalie Korea Kusini ambako anayetuma data nyingi anatozwa, Twitch, huduma ya video za moja kwa moja, iliondoka huko Februari 2024 ikisema gharama za mtandao ni mara kumi ya nchi nyingine nyingi. Na mteja anayeangalia video tayari ameshalipia data zake. Hiyo data haikujituma, yeye ndo aliiomba.

Chini ya yote haya kuna suala la ushindani ambalo naliona ndo mzizi. Uingereza sehemu kubwa ya waya wa kwenda nyumbani ni ya kampuni moja, Openreach, lakini kampuni kibao zinauza intaneti juu yake, mmoja akikubania unahamia kwa mwingine. Marekani ilikuwa na utaratibu unaofanana na huo kwa laini za simu, FCC ikaanza kuuondoa mwaka 2003 na 2005, kwa matumaini kwamba kebo na simu zitashindana zenyewe. Sehemu nyingi zimeishia na chaguo moja au mawili ya intaneti ya waya ya kasi. Kwenye soko la namna hiyo kumwambia mteja kama hupendi hama ni kumwambia akae kimya.

Kwahiyo baada ya Januari 2025 mambo yamekaa hivi. Mkazi wa California akibaniwa apu moja ana sheria ya jimbo na mwanasheria mkuu wa kumsikiliza. Mkazi wa jimbo lisilo na sheria yake kimbilio lake kubwa ni tume ya biashara, FTC, ambayo inaweza kuishika kampuni iliyodanganya wateja wake. Zaidi ni hiyo iliyodanganya. Kampuni ikiandika kwenye vigezo na masharti, huko ukurasa wa 14 ambako hakuna anayefika, kwamba ina haki ya kupunguza kasi ya baadhi ya huduma, itakuwa haijadanganya mtu.